Insha ya Binti na Neno la Upendeleo

Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri, mama mmoja jirani yetu alipiga hodi akiwa amekunja daftari la shule ndani ya leso. Baada ya masalkheri na kujuliana hali, alilitoa akalifungua pale alipokuwa amekunja ncha ya ukurasa. Ilikuwa insha ya Kiingereza ya bintiye aliye kidato cha pili, ukurasa mmoja na nusu, na wino mwekundu wa mwalimu ulikuwa umepita karibu kila mstari.

"Nisomeeni, dada zangu," alisema. "Kiingereza changu mimi ni cha sokoni. Lakini neno la mama nalijua, na neno la kaka nalijua, na nimeyaona mengi mno humu ndani."

Tukasoma. Wanafunzi walikuwa wametakiwa waandike kuhusu jambo linalowasumbua nyumbani, naye binti huyu aliandika kwamba wazazi wake wanampenda kakake kuliko yeye. Aliandika kwa Kiingereza cha mtu anayefikiri kwa Kiswahili: "My parents they love my brother than me." Mwalimu alikata neno moja, akaongeza jingine juu ya mstari, kisha akaandika pembeni kwamba maneno hayo si ya kawaida katika Kiingereza, atafute njia bora ya kuyasema. Chini kabisa palikuwa na alama 12 juu ya 20, na nafasi ya mzazi kutia sahihi.

Mwalimu alikuwa amesahihisha kila kitu isipokuwa kile kilichosemwa. Hatumlaumu, kwa sababu ana rundo la madaftari na kazi aliyopewa ni lugha. Lakini mama aliyeketi mbele yetu alikuwa na swali la namna nyingine. Alitaka kujua mtoto wake amesema nini hasa. Amesema kwamba mimi simpendi? Ama amesema jambo jingine ambalo mimi silisikii?

Tulimwambia kwamba jibu limo katika neno atakalolichagua binti pale mwalimu alipomtaka achague, na tukakaa kulichambua hadi karibu na magharibi. Wiki hii tumeona tuwashirikishe wasomaji wetu yale tuliyozungumza, kwa idhini ya mama mwenyewe, maana tunaamini daftari lile si la nyumba moja tu.

Tuanze na lugha yetu. Kiswahili kina neno kupendelea, na neno hilo limezaliwa na kupenda. Tukisema mama anampendelea fulani, mapenzi yamo ndani ya neno lenyewe, kana kwamba kosa ni la moyo uliopenda ukazidisha upande mmoja. Hii ndiyo sababu mzazi akiambiwa anapendelea hujibu upesi kwamba nyote ni wanangu na nyote nawapenda sawasawa, akadhani amemaliza. Amejibu juu ya mapenzi, ilhali aliulizwa juu ya nguo za Idi.

Kiingereza kimeshika njia nyingine. Neno wanalolitumia wenyewe katika jambo hili ni "favour", ambalo limetoka katika Kilatini kwa kupitia Kifaransa, na asili yake ni nia njema na fadhila, kumtazama mtu kwa jicho la upole. Mapenzi hayamo ndani yake kwa lazima. Mtoto akisema "My parents favour my brother over me" hajasema kwamba hapendwi. Amesema kwamba fadhila za nyumbani zinaelekea upande mmoja na upande wenyewe si wake. Sentensi hiyo ndiyo tuliyomwekea binti. Ni ya kawaida, haina mapambo, na mtu wa London ama wa Nairobi ataielewa bila kukunja uso.

Aliporudi kutoka madrasa na kutukuta bado tumeinamia daftari lake, binti alileta maneno yake mwenyewe tuyapime. Lile la "prefer" tulimwambia aliache. Ni neno la kuchagua kati ya vitu viwili, kama mtu apendaye chai kuliko kahawa, na likitumiwa kwa watoto huonyesha kana kwamba mama angeweza kumrudisha mmoja dukani. Lile la "spoil" ni la kweli, lakini linasema jambo jingine. Waingereza hulitumia kwa maziwa yaliyoharibika na kwa mtoto aliyeharibika kwa kuengwaengwa. Sisi husema kudekeza. Tazameni kwamba neno hilo linamtazama yule anayepewa na madhara yanayompata, na linamsahau aliyenyimwa. Hata mtoto wa pekee asiye na ndugu anaweza kudekezwa. "Side with" ni kumshika mtu upande katika ugomvi, na binti alisema hapana, si ugomvi. "Discriminate" ni neno la mahakama na la katiba. Wanafunzi wakishalijifunza hupenda kulitumia popote, lakini ndani ya nyumba huwa kama mtu aliyekuja na upanga kumenya kitunguu.

Kuna mtego mmoja ambao hata wakubwa huuangukia. Ukisema kwa Kiingereza kwamba mama anam"favour" kaka, umesema anampendelea. Ukisema kwamba mama anamfanyia kaka "favours", umesema anamfanyia hisani, tena pengine kaka mwenyewe ndiye aliyeomba. Herufi moja na kitenzi kimoja, na lawama imegeuka shukrani.

Waingereza nao wana mafumbo yao. Kipenzi cha mkubwa wa kazi humwita mvulana wa macho ya buluu, na mama alicheka kweli kweli kwa kuwa macho ya mwanawe ni meusi kama kungumanga. Mtoto anayependwa sana humwita, tukifasiri neno kwa neno, tofaa la jicho. Mwenye kufasiri hivyo amepata tunda akakosa maana, kwani katika Kiingereza cha kale mboni yenyewe iliitwa tofaa kwa uduara wake. Basi fumbo lao ni letu vilevile: mboni ya jicho. Hapo tukamtahadharisha binti asije akaandika kwamba kakake ni mtoto wa jicho, maana huo ni ugonjwa, ule ukungu unaolifunika jicho hata mtu asione.

Hatukukusudia fumbo lolote kwa kusema hivyo, lakini mama alilidaka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi huyu mvulana wangu kwangu mimi ni mboni, ama ni mtoto wa jicho?"

Hakuna aliyemjibu. Tukahamia kwenye kisa ambacho wengi wetu tulikisikia tangu chuoni, na ambacho wanazuoni wa Hadithi, akiwamo Bukhari na Muslim, wamekipokea. Mzee Bashir alimpa mwanawe Nuuman zawadi. Mamake Nuuman, Bi Amra binti Rawaha, hakutosheka mpaka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Bashir akaenda. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa zawadi ile. Bashir akasema hapana. Akaamrishwa amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake, naye akarudi nyumbani akaichukua zawadi aliyokwisha kuitoa. Katika mapokezi mengine Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia jambo aliloliita jauri, na katika mengine alimuuliza Bashir kama asingependa watoto wake wote wawe sawa katika kumtendea wema.

Tuliangalia mambo mawili katika kisa hiki, na yote mawili yanahusu maneno. La kwanza ni swali lenyewe. Bashir hakuulizwa kama anawapenda watoto wake sawasawa. Aliulizwa kama amewapa sawasawa. Swali la mapenzi lingempa nafasi ya kujitetea mpaka usiku uingie, kwa sababu ya moyoni hayana shahidi. Swali la kupewa lina jibu la ndiyo ama hapana. Wanazuoni nao walitenganisha hivyo hivyo: mwelekeo wa moyo mtu hakalifishwi nao, lakini mkono unaotoa na ulimi unaosifu ni wa kuhesabiwa. Na lile neno jauri asili yake ni kwenda kombo, kuiacha njia iliyonyooka. Ndilo lililoingia katika lugha yetu likawa jeuri. Sisi tumezoea kumwita jeuri mtoto anayejibizana na wakubwa; hatukuzoea kufikiri kwamba neno hilo lina ukoo na mzazi anayegawa vibaya.

La pili ni nani aliyetuhadithia. Si ndugu aliyenyimwa. Ni Nuuman mwenyewe, aliyepewa kisha akanyang'anywa, naye alipokuwa mtu mzima alikisimulia kisa hiki akiwa juu ya mimbari. Tunakitaja kwa wale wanaoogopa kwamba mtoto waliyemzoesha kupewa atavunjika moyo siku akiambiwa leo ni zamu ya mwenzako.

Kwa kuwa wengi wa Waislamu wa Pwani hufuata madhehebu ya Imam Shafi, ni vyema tueleze msimamo wake kwa ufupi. Kufanya usawa katika kuwapa watoto ni sunna, na kumzidishia mmoja bila ya sababu ni makruhu. Katika madhehebu ya Imam Ahmad jambo lenyewe huhesabiwa kuwa wajibu. Na hapa pana jambo ambalo kina mama wengi huliuliza kwa sauti ya chini. Mafungu ya mirathi yamepangwa na Mwenyezi Mungu na hayana mjadala, mwana wa kiume na wa kike kila mmoja na fungu lake. Lakini zawadi anayoitoa mzazi angali hai si mirathi. Kwa Imam Shafi, katika zawadi hiyo mvulana na msichana wako sawa. Baba anayemnunulia mwanawe simu na kumwambia bintiye kwamba hata sharia imempa nusu, amechukua hukumu ya maiti akaileta kwenye duka la simu. Na baba aliyekwisha kutoa akajuta, madhehebu yanamruhusu kurejea katika alichompa mwanawe maadamu kingali mikononi mwa mtoto. Mambo ya nyumba na viwanja yana masharti yake marefu, na mwenye jambo hilo amwendee kadhi kabla hajaandika chochote.

Haja ni mlango mwingine. Mtoto mgonjwa hununuliwa dawa, na hakuna anayesema wenzake nao wanunuliwe dawa ili haki itimie. Asiyeona vizuri ubaoni hupewa miwani. Aliyefaulu akapata nafasi ya chuo cha mbali hulipiwa karo kubwa kuliko aliyeko chuo cha karibu. Vidole vya mkono havilingani, wazee walisema, na kweli havilingani.

Ila methali hiyo imetumika vibaya katika majumba yetu. Mama jirani alitueleza, bila ya sisi kumuuliza, kwamba kijana wake alizaliwa dhaifu, akashikwa na pumu tangu hajatembea. Usiku mwingi alilala akiwa ameegemezwa kifuani pake ili apumue. Kwa miaka yote hiyo kipande laini cha nyama kilikuwa chake, kazi ya kuteka maji haikuwa yake, na moshi wa jikoni alikatazwa. Nani angemlaumu mama kwa hayo? Leo kijana ana miaka 17, anacheza mpira uwanjani mpaka magharibi, na pumu haijamtembelea kwa muda mrefu. Lakini firigisi ya kuku bado ni yake. Ukoko wa wali bado huwekewa yeye. Vyombo bado haviguswi na mkono wake. Haja iliondoka, na mazoea yakabaki yamekaa pale pale mahali pa haja, na kwa kuwa yalikuja kidogo kidogo hakuna aliyeyaona isipokuwa msichana anayeosha sufuria.

Tunakiri kwamba upendeleo mwingi tunaoujua sisi ni wa namna hiyo. Ni nadra kuanza kwa mzazi kukaa akaamua kumdhulumu mwanawe. Mziwanda huzaliwa wakati wazee wamechoka kukemea, akapata yasiyopatikana na wa mbele yake. Kifungua mimba hupewa amri juu ya wadogo zake kwa sababu baba yuko kazini Ughaibuni, kisha baba hurudi na amri haimrudii. Msichana hufundishwa kazi za nyumbani kwa kuwa ataolewa, jambo ambalo ni jema, ila mvulana hafundishwi hata kukunja mkeka aliolalia, na kila Ramadhani tunaona matokeo yake: mmoja amesimama juu ya karai la mafuta saa ya futari akikaanga kaimati, na mwingine yuko barazani anauliza kama tayari.

Katika Sura ya Yusuf (A.S.) ndugu zake walisema kwamba Yusuf na nduguye wanapendwa zaidi na baba kuliko wao. Hawakusema kwamba wao hawapendwi, walilinganisha. Nabii Yaaqub (A.S.) alikuwa Mtume, na Mitume hawadhulumu, kwa hiyo wafasiri wengi wameeleza kwamba kilichozidi kilikuwa mwelekeo wa moyo tu. Hata hivyo ulinganisho ule ulikua ndani ya vifua mpaka ukafika kisimani. Basi ikiwa nyumba ya Mtume iliingiwa na husuda pasipo dhuluma, tujiulize nyumba zetu ambazo dhuluma ndogo ndogo zimo kila siku. Tukumbuke pia kwamba Yusuf alipomweleza baba yake ndoto, jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba asiwasimulie ndugu zake. Mzazi yule aliijua daraja ya mwanawe, na alimtaka aifiche. Sisi tukipata mtoto mwenye alama nzuri, tunaisoma karatasi ya matokeo mbele ya wageni huku ndugu zake wakipitisha sinia la mahamri.

Wataalamu wa Marekani, Jill Suitor na Karl Pillemer, wamefuatilia kwa miaka mingi akina mama wazee na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima. Waligundua kwamba mama wengi wakiulizwa humtaja mmoja aliye karibu zaidi na moyo wao, na kwamba watoto wenyewe mara nyingi hukosea wakimbashiri ni nani. Pia waliona kwamba hisia ya kubaguliwa na mzazi haiishi utotoni. Huonekana kwa watu wenye mvi, katika huzuni zao na katika uhusiano wao na ndugu zao. Hayo hayatushangazi. Nani kati yetu hajahudhuria matanga ambapo dada wawili wa miaka 60 wanalia kila mmoja chumba chake?

Turudi kwa binti. Alipoiona ile sentensi tuliyompa aliisoma mara mbili, kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia. Alituuliza kama mama atakasirika. Mama alikuwa hapo hapo, ameketi mkekani. Tulimwambia kwamba sentensi hiyo si matusi. Mtoto akimwambia mzazi wake hunipendi, amesema jambo asilolijua, kwa kuwa hakuuona moyo, na tena ameukata ulimi wa mzazi asiweze kujibu ila kwa kuapa. Akisema lililotendeka, siku yake na mahali pake, ametoa ushahidi, na ushahidi huweza kuangaliwa. Tukamtaka ajaribu kwa Kiswahili, kwa adabu, mbele yetu.

Alifikiri sana. Kisha akasema, macho yake yakiwa chini, "Mama, Jumatatu nilikuwa na mtihani na nikaosha vyombo. Jumanne kaka hakuwa na mtihani na nikaosha vyombo."

Mama hakusema kwamba anawapenda wote sawasawa. Aliuliza, "Na Jumatano?"

"Jumatano pia, mama."

Adhana ya magharibi ilitukuta bado tumekaa. Kabla ya kuondoka mama aliomba kalamu. Tulimwonyesha nafasi ya sahihi ya mzazi chini ya alama 12, naye akatutaka kwanza tumsomee ile sentensi mpya, polepole, neno kwa neno, na kumwambia kila neno lina maana gani. Alipofika kwenye "favour" alilitamka mwenyewe mara mbili. Kisha akatia sahihi.

Juma lililofuata tulikutana naye akitoka sokoni na kuku wawili. Tulimuuliza habari za daftari, akasema mwalimu ameipitisha sentensi. Tukamuuliza habari za firigisi. Akacheka, akasema siku hizi hukatwa vipande vinne, vidogo hata paka wake amelalamika, na kwamba kijana wake ameununia mchuzi siku mbili nzima, lakini siku ya tatu alikula, na jana usiku alisikia sauti ya sufuria jikoni na alipochungulia hakuwa binti.